Tumalizane Hapahapa

Nilisaini ile karatasi nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya oili iliyofunikwa, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wangu. Karatasi yenyewe ilichanwa kwenye daftari la mauzo la vijana wa sheli. Iliandikwa kwamba mimi fulani nimepokea shilingi 150,000 kutoka kwa fulani, kwa ajili ya matibabu na matengenezo ya baiskeli, na kuanzia leo hatudaiani. Nilisaini kwa mkono wa kushoto. Mtu anayeshika bisibisi kwa mkono wa kulia miaka kumi na tisa anasaini kwa kushoto, na hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo, hata mimi mwenyewe.

Ilikuwa Jumanne, mwezi Juni 2022, saa moja kasoro asubuhi, Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro, pande za Manzese.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Nakaa Kimara, kijiwe changu kiko Kariakoo, na katikati yake kuna kama kilomita 13. Nilikuwa nimechoka kugombania mwendokasi kila asubuhi na mkoba wa vifaa begani, abiria wakinitazama vibaya kila nyundo inapowagusa mbavu. Nikanunua baiskeli ya gia ya mtumba kule Ilala kwa 180,000, nikaifunga keria ngumu nyuma, na kwa mwaka mzima na ushee nikawa mtu mwenye furaha. Kimara kwenda Ubungo ni mteremko. Unaachia tu. Pale chini unapita Daraja la Kijazi, magari yakipishana juu na chini yako, halafu Shekilango, Urafiki, Manzese, Magomeni, unavuka Jangwani kama Mto Msimbazi haujafurika, na saa moja na nusu uko Kariakoo unakunywa chai. Jioni ndiyo kazi, maana mteremko wa asubuhi unakudai deni lake.

Barabara hii ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka, ambayo yalianza kubeba abiria Mei 2016, pembeni iliwekwa njia ya waenda kwa miguu na ya baiskeli. Wageni wakiiona kwenye picha wanatusifu. Lakini picha haina mama ntilie aliyepanga mabenchi, haina viatu vya mtumba vilivyotandazwa juu ya turubai, haina fundi cherehani, haina gari lililopandishwa na kuegeshwa "dakika mbili tu", na haina bodaboda anayekuja kinyume chako huku anaongea na simu iliyobanwa ndani ya helmeti. Ukipiga kengele unatazamwa kama mwendawazimu. Sikuwahi kuwachukia hao wa biashara, kwa sababu nao wanatafuta riziki na hakuna aliyewatengea mahali pengine. Ila matokeo yake ni kwamba mwenye baiskeli anashuka kwenye lami, na kwenye lami kuna wale wanaotanua. Kama hujawahi kuendesha Dar: kutanua ni pale foleni inaposimama na dereva akaona yeye ana haraka kuliko wenzake, akachepuka kushoto kabisa na kupita pembeni ya wote. Hiyo pembeni ndiyo niliyopo mimi. Kuna na kuchomekea, yaani kujipenyeza kwa nguvu mbele ya gari la mwenzako, lakini hilo angalau linawaumiza wao kwa wao.

Asubuhi ile, la kushangaza, nilikuwa ndani ya njia yangu. Kipande kile kilikuwa wazi. Gari dogo jeupe likanipita, likaniacha kama mita kumi, kisha likakata kushoto kuingia sheli. Indiketa iliwaka, nimtendee haki dereva. Ila iliwaka wakati tairi za mbele zimeshageuka. Nikabana breki zote mbili, tairi la nyuma likateleza kwenye mchanga, nikaupiga mlango wake wa nyuma kwa bega na kuanguka chali na mkono nyuma yangu, kiganja kikiwa kimetangulia. Nakumbuka sauti ya mkoba ukimwaga vifaa. Nakumbuka testa yangu ikibingirika taratibu kuelekea pampu ya dizeli na mimi nikiifuata kwa macho, nikiwaza kwamba ile si ya kupoteza, ni ya Kijerumani.

Watu wa kwanza kufika waliiinua baiskeli. Wa pili wakaniinua mimi. Hapo hapo baraza likaanza kikao.

"Na wewe mzee, baiskeli na magari wapi na wapi?"

"Kwani hakuona gari linaingia?"

"Ana bahati. Ingekuwa lori tungekuwa tunaongea mengine."

Nimeyatafakari sana maneno yale tangu siku hiyo. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa upande gani. Kwa baraza lile, kuwa na baiskeli ilikuwa tayari ni nusu ya kosa, na nusu nyingine ni kutokufa, maana aliyekufa angalau huonewa huruma. Waliosimama upande wangu walikuwa watatu tu, na wote bodaboda, watu wale wale niliokuwa nawalaani kila asubuhi kwa kuingia kwenye njia yangu. Mmoja alienda moja kwa moja kwenye lile gari, akapenyeza mkono dirishani na kuchomoa ufunguo. Mwingine akapiga picha namba ya gari, akapiga na stika, akapiga na mlango uliobonyea. Sikujua ananifanyia nini. Nilidhani anataka kuziweka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Dereva alikuwa kijana wa makamo, shati la kazini, kitambulisho kimening'inia shingoni. Alikuwa anatetemeka kuliko mimi. Sitamsema vibaya, hakuwa mtu mbaya. Alichuchumaa mbele yangu akaniambia, "Kaka, nisamehe sana. Tumalizane hapahapa, tusisumbuane na mambo ya polisi. Wewe una kazi, mimi nina kazi."

Maneno matamu hayo. Siku yangu nzima ilikuwa imepangwa: kulikuwa na nyumba Tabata ya kumalizia waya, na mwenye nyumba alikuwa ameshanitishia kutafuta fundi mwingine. Polisi maana yake ni asubuhi yote, labda na kesho yake. Mkono ulikuwa unauma lakini vidole vilikuwa vinacheza, na mzee mmoja mwenye kanzu aliushika, akaubonyeza hapa na pale, akatoa hukumu: umeteguka tu huu, ukakandwe na maji ya moto yenye chumvi. Shilingi 150,000 zilikuwa taslimu, zimehesabiwa mbele ya watu. Ukiwa umekaa juu ya ndoo huku moyo unapiga kama ngoma, hiyo ni hela nyingi. Nikasaini.

Kijana wa bodaboda alinirushia zile picha kwenye simu yangu kabla hajaondoka. "Kaa nazo mzee. Huwezi jua." Mpaka leo najuta kwamba sikumnunulia hata soda.

Nikakandwa. Mke wangu alinikanda kwa siku tano, kisha akaitwa bibi mmoja wa jirani, mchuaji maarufu, akanichua mpaka nikatoa machozi mbele ya watoto. Siku ya sita nikaenda zahanati, nikapigwa eksirei, nikaambiwa hakuna mvunjiko. Nikarudi kazini. Na hapo ndipo nilipojua kwamba kuna kitu, kwa sababu niliweza kubeba ngazi, niliweza kuvuta waya, lakini kukaza skrubu ya soketi sikuweza. Kile kitendo kidogo cha kuzungusha bisibisi, cha kusukuma huku unageuza, kilinipa maumivu yanayoanzia chini ya kidole gumba na kupanda mpaka kwenye jino. Fundi umeme asiyeweza kukaza skrubu ni saidia fundi.

Wiki ya tatu nikaenda hospitali kubwa. Daktari kijana hakuangalia hata ile picha ya kwanza. Alibonyeza kidole chake kwenye kile kishimo kinachojitokeza chini ya gumba ukilinyoosha, nikaruka. Akaniambia kuna mfupa mdogo pale wenye umbo la mtumbwi, unaitwa skafoidi, na una tabia mbili mbaya. Ya kwanza, ukipata ufa mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya siku za mwanzo, ndiyo maana mgonjwa hurudishwa kupigwa tena baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Ya pili, damu huufikia kwa shida, kwa hiyo hupona polepole, na ukiutumia hovyo unaweza usiunge kabisa. "Na wewe umeuchua," akasema. Hakuongeza neno.

Eksirei ya pili ilionyesha ufa kama unywele. Nikafungwa hogo kuanzia gumba mpaka karibu na kiwiko, wiki kumi. Ila kabla ya hapo kulikuwa na swali la dirishani: "Umeumia kwa nini?" Gari. "PF3 iko wapi?"

Sikuwa na PF3. Ile ni fomu ya polisi, na polisi ndiko nilikokubali kutokwenda.

Kituoni nilipokelewa na askari aliyeisoma karatasi yangu ya daftari, akaicheka na kunirudishia. "Si ulishamalizana? Sasa unataka nini?" Nikakaa kwenye benchi saa nzima nikijiona mjinga na tapeli kwa pamoja, maana hata mimi nilihisi nimekula hela ya mtu na sasa nimerudi kudai tena. Aliyeniokoa ni sajini mmoja wa usalama barabarani, mama wa makamo, aliyekuwa anapita na kikombe cha chai. Aliniuliza mara mbili tu: nilikuwa upande gani wa barabara, na gari lilikuwa linaelekea wapi. Kisha akasema kitu ambacho ningelijua siku ile juu ya ndoo, nisingesaini. Makubaliano yenu ni yenu, akasema, lakini kosa la barabarani ni la jinai, na jinai ni ya Jamhuri, haiuzwi kwa karatasi ya daftari. Dereva aliyegonga mtu ana wajibu wa kusimama, kumsaidia majeruhi, na kutoa taarifa polisi. Mawili ya kwanza alifanya. La tatu mlilifuta wote wawili.

"Una namba ya gari?"

Nikatoa simu.

Hapo sasa ndipo iliponijia aibu nyingine, si yangu peke yangu. Sajini alinielekeza niingize ile namba kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ambao mtu yeyote mwenye simu anaweza kuutumia kuona kama gari lina bima hai. Ikatokea. Gari lina bima, bima ndogo, bado ina miezi minne. Nikamwuliza bima ndogo si ile ya kuwaziba trafiki midomo? Akanitazama kwa huruma. Akaniambia bima ndogo ndiyo yangu mimi. Bima kubwa inalitengeneza na gari lenyewe, lakini ile ndogo, ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, ipo kwa ajili ya mtu mwingine: yule atakayegongwa. Wakati ule kwa gari dogo la kutembelea ilikuwa shilingi 118,000 kwa mwaka.

Nikapiga hesabu pale pale kwenye benchi. Yule kijana alikuwa amelipa 118,000 kwa ajili yangu, mtu asiyemjua, miezi saba hivi kabla hajanigonga. Kisha siku aliponigonga akatoa 150,000 nyingine mfukoni ili tusiiguse ile ya kwanza. Na mimi nikamsaidia. Tulikaa watu wawili wazima pembeni ya gari lenye stika, tukajadiliana kana kwamba stika ile ni pambo.

Nilipompigia simu, mara ya kwanza alikata. Mara ya pili akapokea mtu mwingine, akasema amesafiri. Mara ya tatu ilikuwa ni sajini anayepiga, na akaja siku hiyo hiyo. Alikuja na nakala yake ya ile karatasi, ameitia kwenye plastiki. Nilimwonea huruma, nisiseme uongo, kwa sababu alidhani ananunua usalama wake na kumbe alikuwa amenunua karatasi. Trafiki walikwenda kupima pale sheli na kuchora mchoro wa ajali, wiki ya nne baada ya tukio, alama zote zikiwa zimeshafagiliwa na mvua na matairi. Mchoro ukachorwa kwa maneno ya mashahidi, na shahidi wa maana alikuwa mmoja wa vijana wa sheli, ambaye bahati nzuri hakuwa amehama kazi. Na zile picha.

Tukiwa tunasubiri kwenye korido, wawili tu, nilimwuliza kile nilichokuwa nataka kumwuliza kuliko yote. Hukuniona? Nilitegemea aseme hakuniona. Madereva wote husema hawakuona. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nilikuona, kaka. Nilikupita kabisa. Nilijua nitawahi."

Nilijua nitawahi. Nimekaa na neno hilo kuliko nilivyokaa na hogo. Halina ubaya ndani yake, halina ulevi, halina hata mwendo mkali sana. Mtu kaona baiskeli, akaipa mwendo anaouona yeye unaifaa baiskeli, yaani karibu na kusimama, akakata kona. Mimi kwenye ule mteremko mdogo nilikuwa nakimbia labda kilomita 25 kwa saa. Kichwani mwake baiskeli haifiki huko. Tangu hapo nimebadili kitu kimoja kwenye uendeshaji wangu na kimeniokoa mara mbili: gari likinipita karibu na sheli, kona au mdomo wa uchochoro, siangalii indiketa. Naangalia tairi la mbele. Indiketa ni ahadi tu, lakini tairi likianza kugeuka jambo limeshaanza. Na kwa malori yanayotoka bandarini na kukatiza Ubungo sina ujanja wowote, nasubiri yapite. Kushoto kwa lori, karibu na kabini, dereva hakuoni hata akitaka, na sijawahi kuwa na safari ya haraka kiasi cha kupaingia pale.

Kesi ilichukua muda mrefu kufika na muda mfupi kuisha. Alisomewa shitaka la kuendesha bila uangalifu, akaulizwa, akajibu "ni kweli", akatozwa faini, akapewa namba ya malipo, akalipa kwa simu akiwa amesimama mlangoni. Chai ingekuwa haijachemka. Leseni yake haikuguswa. Sikutaka afungwe, hilo niliweke wazi, na wala sijui ningefaidika nini akifungwa. Lakini nilikaa pale nimeshika mkono wangu na kushangaa kwamba katika maneno yote yaliyosemwa chumbani mle hapakuwa na hata moja lililomfundisha chochote kuhusu baiskeli. Alitoka kama alivyoingia, amepungukiwa hela.

Bima nayo ilikuwa safari yake. Walitaka PF3, mchoro, ripoti ya ukaguzi wa gari, nakala ya hukumu, risiti za hospitali, barua ya daktari, na uthibitisho wa kipato. Fundi umeme wa kujitegemea anathibitishaje kipato? Nilipeleka daftari langu la kazi na miamala ya simu ya miezi sita. Wakaitoa ile karatasi ya daftari la sheli, kana kwamba wameokota almasi: si ulisema hamdaiani? Nikawajibu kwa maandishi, kwa msaada wa mpwa wangu aliyesoma sheria mwaka mmoja kabla ya kukosa ada, kwamba nilisaini kabla sijajua nimevunjika. Kimya cha miezi mitatu. Nilipowaandikia kwamba napeleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, simu ikalia kesho yake. Jumla miezi tisa, na nikalipwa 2,100,000. Hospitali na nauli zilikula zaidi ya nusu. Nyumba ya Tabata alimalizia mtu mwingine. Mkono umepona, ila asubuhi za baridi ya Juni na Julai unanikumbusha, na skrubu ngumu sasa namwachia kijana wangu wa kazi.

Kuna jambo la lugha ambalo limekuwa kama kokoto kwenye kiatu changu. Sisi tunasema "ajali haina kinga". Nilikuwa nalisema hata mimi, tena misibani. Sasa nasikiliza taarifa za habari kwa sikio jingine. Gari liliacha njia. Breki zilifeli. Basi lilimparamia mwendesha baiskeli. Kiswahili chetu kizuri hiki kimelipa gari miguu, akili na hasira, kikampa dereva nafasi ya kukaa nyuma kama abiria. Lile gari jeupe halikukata kushoto lenyewe. Siku hizi nikisimulia kisa changu nasema "jamaa mmoja alinigonga", na watu hunikatiza kwa kuuliza: alikugonga na nini? Hawajazoea mtu kugonga mtu.

Na ile ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, inayosema watu milioni 1.19 hivi hufa barabarani kila mwaka duniani na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki, niliisikia redioni nikiwa kwenye daladala iliyokuwa inatanua. Kondakta aliongeza sauti ya muziki.

Nisijifanye malaika lakini. Mwaka jana nilianza kuazima kirikuu cha rafiki yangu siku za kazi kubwa, kubebea mabomba na rola za waya. Siku moja niliegesha Magomeni, karibu na Mapipa, mkono wa kushoto wa barabara, nikaangalia simu, nikafungua mlango. Nilisikia tu kishindo na sauti za vitu vizito vikidunda kwenye lami. Muuza madafu. Mzee mwenye baiskeli ile nyeusi ya zamani, tenga nyuma limejaa, kisu kimechomekwa kwenye keria. Aliegemea ukingo wa mlango wangu, kofia imeanguka, na madafu yanabingirika mpaka katikati ya barabara, gari moja likilikwepa dafu kwa heshima ambayo sijawahi kupewa mimi.

Nilishuka nimekufa ganzi. Nikamshika bega, na kabla sijafikiri nikasikia mdomo wangu unasema: "Mzee wangu, nisamehe. Tumali—" Nikalimeza lililobaki.

Hakuwa ameumia, au alisema hakuumia. Goti lilichubuka, rimu ya mbele ilipinda kidogo. Nilimwambia mzee, twende ukaangaliwe, na hii hapa namba ya gari, hii bima, hili jina langu. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kuuziwa kitu. Alihesabu madafu yaliyopasuka, akahesabu tena. "Manane," akasema. "Elfu nane. Na rimu nitainyoosha mwenyewe." Nikampa elfu thelathini, akarudisha elfu kumi, akasema ile nyingine haielewi ni ya nini. Nikamweleza habari za mfupa usioonekana, siku kumi na nne, bima ndogo. Alikuwa ananisikiliza kwa adabu huku anafunga tenga lake kwa mpira.

Simu yake ilikuwa ya tochi, haina picha. Nilichukua kalamu ile nzito ninayowekea alama nyaya, nikachuchumaa, nikaandika namba ya kirikuu na namba yangu ya simu kwenye madigadi ya nyuma, kwa herufi kubwa. Akacheka sasa. "Umeniwekea namba kama gari, kijana." Akapanda, akasukuma pedeli mara mbili, akaingia kwenye msururu wa kuelekea Jangwani.

Tangu siku hiyo nafungua mlango kwa mkono wa kushoto, ule wa mbali na mlango, kwa sababu mwili unalazimika kugeuka na macho yanafuata. Hajanipigia. Nimeiona ile baiskeli mara moja, miezi minne hivi baadaye, imeegeshwa nje ya msikiti Ijumaa, tenga tupu. Jua na mvua vilikuwa vimeshakula tarakimu mbili za mwisho za simu yangu. Kalamu ilikuwa mfukoni. Nikainama nikazikoleza.